Kompyuta Ndogo Mezani pa Redio: Inafanya Nini Hasa?

Anayetaka kuunganisha kompyuta ndogo na redio yake ya ridhaa (redio ya mawasiliano ya wapenzi wenye leseni, si ya biashara) huanza, karibu kila mara, na swali la nguvu: je, kidude hiki kinachoenea kiganjani kitaimudu kazi? Jibu ni fupi: ndiyo. Kwa shughuli nyingi za redio za ridhaa, prosesa ya Raspberry Pi (kompyuta nzima kwenye bodi moja, au Pi kwa kifupi) iliyotoka miaka kadhaa iliyopita inatosha na kubaki. Ila jibu hilo halimfikishi mtu mbali, kwa sababu vituo vingi vinavyogoma havigomi kwa uhaba wa nguvu za kompyuta. Vinagomea pale kompyuta na redio zinapokutana: kwenye sauti inayopita kati yake, kwenye amri ya kurusha, kwenye saa, na kwenye umeme unaozilisha zote mbili.

Raspberry Pi ya kwanza ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, nia ikiwa kuwapa wanafunzi mashine ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Wapenzi wa redio waliidaka mara moja. Inaendesha Linux, mfumo ambao programu nyingi za redio za ridhaa zimeandikiwa na kutolewa bure. Inakula umeme kidogo: Pi 4 iliyotulia hutumia wati tatu hivi, na ikibanwa sana ni kama wati sita au saba, kiasi ambacho betri ya kawaida ya kambini inakibeba siku nzima bila taabu. Tena unaweza kuiacha imewaka mwaka mzima kwenye kona ya chumba bila mtu kulalamika. Siku hizi zipo bodi nyingine za namna hiyo, na zipo kompyuta ndogo za mezani zenye prosesa za Intel. Karibu yote yanayofuata yanazihusu hizo pia.

Dhana moja inafaa iondolewe mapema, kwamba kompyuta inageuka kuwa redio. Katika vituo vingi haiwi hivyo. Redio inabaki ileile, na kisambazaji chake, kipokezi chake na antena yake. Kompyuta inachukua nafasi ya masikio na mdomo wa mwendeshaji. Sauti iliyokuwa iende kwenye spika inaingia kwenye kompyuta, programu inaisikiliza na kuandika ilichosikia. Wakati wa kurusha, programu inatunga milio, milio hiyo inaingia redioni kupitia tundu la maikrofoni au la data, na redio inaipeleka hewani kama ambavyo ingepeleka maneno ya mtu. Haijui tofauti. Ndiyo maana redio ya SSB (mtindo wa kawaida wa kurusha sauti kwenye masafa mafupi) iliyotengenezwa miaka ya 1980 inaweza leo kufanya mawasiliano kwa mtindo uliobuniwa miongo mitatu baadaye, bila kubadilishwa hata skrubu moja.

Mtindo unaowavuta wengi kwenye mambo haya ni FT8, wa kutumiana ujumbe mfupi sana kwa milio ya kompyuta, na inafaa tuufungue kidogo, kwa sababu ukiuelewa utajua kwa nini saa, sauti na nyaya vina uzito kuliko prosesa. FT8 uliingia hewani mwaka 2017 ndani ya programu ya WSJT-X, ukiwa kazi ya Joe Taylor na Steve Franke. Taylor ni mwanafizikia wa anga. Mwaka 1993 yeye na Russell Hulse walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua pulsa, yaani nyota inayotoa mapigo ya redio, inayozungukana na nyota nyingine. Mtu aliyezoea kuchambua mapigo dhaifu kutoka angani, yaliyofukiwa ndani ya kelele, alikuja na ujuzi uleule kwenye redio za ridhaa.

Katika FT8 muda umekatwa vipande vya sekunde 15. Kituo kimoja kinarusha katika kipande hiki, mwenzake anajibu katika kinachofuata. Urushaji wenyewe unachukua sekunde 12.64, zenye alama 79, na kila alama ni mlio mmoja kati ya minane iliyopishana kwa Hz 6.25. Kwa hiyo kituo kizima kinaenea kwenye upana wa Hz 50, wakati sauti ya binadamu kwenye SSB inadai karibu Hz 2,500. Mahali pa mazungumzo ya watu wawili wanakaa makumi ya vituo kwa pamoja, na programu inawasikiliza wote kwa mpigo mmoja.

Ujumbe ni biti 77 tu. Kitambulisho cha kituo kinachoitwa kinachukua biti 28, cha kinachoita 28 nyingine, mahali kilipo kituo biti 15, na sita zilizobaki ni za kueleza aina ya ujumbe na mambo madogomadogo. Hizo 15 za mahali zimepimwa kwa rula: gridi ya Maidenhead inaigawa dunia katika vipande 32,400, na biti 15 zinaweza kuhesabu hadi 32,768. Juu ya zile 77 zinaongezwa biti 14 za kuhakiki na 83 za kusahihisha makosa. Zote, 174, zinabebwa na alama 58. Alama 21 zilizosalia ni mpangilio unaojulikana tangu awali, ili kipokezi kitambue ujumbe umeanzia wapi na uko kwenye masafa gani. Matokeo yake ni kwamba programu inausoma ujumbe ambao sikio halisikii chochote, hata nguvu yake ikiwa chini ya sehemu moja kwa mia ya kelele iliyomo kwenye upana wa Hz 2,500. Huku si kuficha maneno. Kanuni za kimataifa za redio zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kutumia fumbo kwa nia ya kuficha maana, lakini FT8 umechapishwa hadharani na yeyote anaweza kuusoma.

Hapa ndipo prosesa inapoulizwa swali lake pekee la maana. Ujumbe unapokwisha, zinabaki sekunde mbili hivi kabla ya kipande kinachofuata, na ndani ya muda huo programu inatakiwa iwe imesoma vituo vyote na wewe uwe umeamua unamjibu nani. WSJT-X ina viwango vitatu vya kuchimba ujumbe kutoka kwenye kelele. Pi 3 kwenye bendi iliyojaa, ikiwa imewekwa kiwango cha ndani kabisa, huchelewa; majibu yanajitokeza wakati kipande kipya kimeshaanza. Shusha kiwango kimoja na mambo yanakaa sawa. Pi 4 na Pi 5 hazina shida hiyo.

Wapo wanaoubeza FT8 wakisema si mazungumzo, ni kompyuta zinazopeana risiti. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Anayetaka kuandika maneno yake mwenyewe ana PSK31, uliobuniwa na Peter Martinez na kuenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao programu ya Fldigi inauendesha vizuri hata kwenye bodi dhaifu, au ana JS8Call, iliyochukua misingi ya FT8 na kuifanya ibebe maandishi huru. Mitego ya kuunganisha ni ileile kwa zote.

Mtego wa kwanza ni sauti. Raspberry Pi haina mahali pa kuingizia sauti. Matoleo ya nyuma ya bodi kubwa yana tundu la milimita 3.5, lakini ni la kutolea tu, na Pi 5 imeliondoa kabisa. Lazima basi pawepo kadi ya sauti ya USB katikati. Redio za karibuni kama Icom IC-7300 zina kadi hiyo ndani yake. Kebo moja ya USB inabeba sauti ya kwenda, sauti ya kurudi na amri. Mwenye redio ya zamani hununua kisanduku cha kuunganishia, au huchukua kadi ya USB ya kawaida na kuchomelea nyaya zake mwenyewe. Njia zote mbili zinafanya kazi. Faida ya visanduku vizuri ni transfoma ndogo zilizomo, zinazopitisha sauti bila kuiunganisha ardhi ya kompyuta na ardhi ya redio. Zikikosekana, muungurumo wa umeme wa ukutani hupata njia ya kupenya na kuchafua unachorusha.

Kisha kiwango cha sauti. Wengi hupandisha sauti ya kompyuta mpaka redio itoe wati zote ilizonazo, wakaridhika. Kumbe sauti ikizidi, saketi ya ALC, inayodhibiti kiwango ndani ya redio, inaanza kuikaba, mawimbi yanakatwa vichwa, na mlio uliokuwa safi unazaa milio bandia kandokando yake. Wewe unaona kipimo cha nguvu kimepanda. Wenzako wanaona kituo chako kimejitokeza mara tatu kwenye skrini zao na kuwafunika walio jirani. Panda taratibu mpaka kipimo cha ALC kianze kutikisika, kisha rudi chini yake. Upande wa kupokea ni rahisi zaidi: bendi ikiwa na kelele tupu, kipimo cha WSJT-X kisome desibeli 30 hivi.

Tahadhari moja ndogo, ambayo watu huicheka mpaka iwakute. Ukiiacha Linux ichague yenyewe kadi ya sauti ya kila kitu, inaweza kuichagua ile ya redio. Kuanzia hapo kila kengele ya ujumbe mpya na kila wimbo wa kivinjari unaelekea redioni, na redio iliyowekwa ijiwashe kwa kusikia sauti itaurusha. Ingia kwenye mipangilio, uifanye kadi nyingine kuwa ya kawaida, na ile ya redio uitaje kwa jina ndani ya programu ya redio peke yake.

Amri ni habari nyingine. Kompyuta inatakiwa iiambie redio mambo mawili: hamia masafa haya, na anza kurusha. La kwanza hupitia mfumo unaoitwa CAT, ambao ni maneno mafupi yanayotumwa kwa waya wa serial, na kila kampuni ina lugha yake. Kwa bahati ipo Hamlib, maktaba ya bure inayojua lugha za mamia ya redio, na programu nyingi zinaitegemea. Waya wa serial, hata hivyo, unafaa kushikwa na programu moja kwa wakati. Ukitaka daftari lako la mawasiliano lijue uko masafa gani huku WSJT-X ikifanya kazi, washa rigctld, ambayo ni seva ndogo ya Hamlib: yenyewe inaushika waya, na programu nyingine zote zinaiuliza kupitia poti 4532 ya mtandao. Pi inaweza hivyo kukaa karibu na redio wakati wewe umekaa na kompyuta nyingine chumba cha pili.

La pili, kuanza kurusha, ndilo lenye hatari. Linaweza kupita kwenye CAT hiyohiyo, au kwenye moja ya nyaya za serial ziitwazo RTS na DTR. Linux ina tabia ya kuziamsha nyaya hizo mbili pale programu inapoifungua poti. Kama kisanduku chako kinatumia RTS kuwasha kisambazaji, redio inaweza kuanza kurusha mara tu unapofungua programu, na kama programu imekwama, isiache. Karibu kila redio ya kisasa ina kikomo cha muda wa kurusha kwenye menyu yake. Kiweke dakika chache kabla hujaunganisha waya wowote. Kwenye kituo kisichosimamiwa na mtu, mimi ningekiona kikomo hicho kuwa sharti.

Wageni wa Linux hugongana pia na mambo mawili ambayo hayahusiani na redio hata kidogo. Mtumiaji asiyekuwemo kwenye kundi la dialout kwa kawaida haruhusiwi kugusa poti za serial, na programu itasema tu kwamba imeshindwa kuwasiliana na redio. Dawa ni kujiongeza kwenye kundi hilo, kutoka na kuingia tena. Jingine ni majina. Mfumo huita vifaa ttyUSB0, ttyUSB1 na kuendelea kwa kufuata vilivyotangulia kuonekana, hivyo redio na GPS zinaweza kubadilishana majina baada ya kuzima na kuwasha. Chini ya /dev/serial/by-id kuna majina marefu yasiyopendeza ambayo kwa kawaida hayahami. Tumia hayo.

Tuje kwenye saa. Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika, na hata Pi 5, ambayo imewekewa saa ndani, inahitaji betri ndogo inayonunuliwa kando. Ukiwa nyumbani huoni kasoro hii: bodi inapowaka inauliza muda kwenye intaneti na kujirekebisha. Ipeleke mlimani penye ukimya na pasipo mtandao, nayo inaamka ikiamini ni wakati ule ilipozimwa. FT8 unavumilia tofauti ya sekunde moja hivi. Ikikaribia mbili na zaidi, usomaji unakufa. Dalili zake zinapotosha sana, kwa maana mistari ya vituo inaonekana vizuri kabisa kwenye skrini, mirefu na ming'avu, ila hakuna hata ujumbe mmoja unaosomeka. Mtu anahangaika na sauti, anabadilisha nyaya, anailaumu antena, kumbe ni saa. Kipokezi kidogo cha GPS cha USB kikiwa na programu za gpsd na chrony kinalimaliza jambo hili, tena kinakupa na gridi yako. Safu ya DT kwenye WSJT-X inaonyesha tofauti kati ya saa yako na ya kila kituo ulichokisoma: vituo vingi vikisoma karibu na sifuri, uko salama, vyote vikiegemea upande mmoja, ni wewe uliyepotoka.

Umeme nao una sura mbili: unaoingia kwenye bodi na kelele inayotoka. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 5 inataka volti hizohizo na ampea 5. Chaja za simu na kebo nyembamba huonyesha volti 5 pasipo mzigo, kisha zinashuka kazi inapoanza. Bodi inalalamika ikifika chini ya volti 4.63 hivi, kwa alama ya radi kwenye skrini, na kupunguza kasi yake. Asiye na skrini aandike vcgencmd get_throttled kwenye terminali. Jibu likiwa kitu kingine zaidi ya 0x0, bodi imekwisha kunyimwa umeme, au imekwisha kupata joto kupita kiasi, tangu ilipowashwa. Kwenye betri ya volti 12 utahitaji kibadilishaji cha kushusha hadi 5, chenye uwezo wa ziada.

Kelele ndiyo huwavunja watu moyo. Umenunua mashine ya kukusaidia kusikia vituo dhaifu, na mashine hiyohiyo inavifunika. Chaja nyingi za bei ya chini hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya kukata huko yanatapakaa kwenye masafa mafupi. Kebo za HDMI na za mtandao zinaongeza zao, na USB 3 inajulikana kwa kuchafua eneo la GHz 2.4, ndiyo maana WiFi hudhoofika diski ya nje ikiwa ubavuni. Kabla ya kununua dawa, mtafute mchawi kwanza: endesha redio kwa betri, zima kila kitu, sikiliza kelele ya bendi kwenye kipimo cha S, kile cha nguvu ya mawimbi yanayopokewa. Kisha washa kimoja kimoja, chaja pekee, halafu bodi, halafu skrini, halafu kebo ya USB, ukiandika kipimo kila hatua. Kelele ikiruka, umempata.

Dawa ya kawaida ni feraiti, pete au vipande vya kauri ya chuma vinavyozuia kelele kwenye kebo, na wengi huitumia nusu. Kipande kimoja kilichobanwa mara moja kwenye kebo hakifanyi mengi kwenye masafa ya chini. Uzuiaji wake hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kwa hiyo kebo iliyopitishwa mara nne ndani ya pete kubwa inazuia karibu mara 16 ya ile iliyopita mara moja. Kwa masafa mafupi, feraiti ya aina ya 31 ndiyo inayopendekezwa sana. Pete hizo zinafanya kazi upande wa pili pia: ukirusha wati 100 na antena iko karibu, mawimbi yanarudi kwa nyaya hadi kwenye kompyuta, USB inajikata katikati ya ujumbe, na wakati mwingine kipanya kinaganda. Hapo tatizo la mzizi mara nyingi ni antena yenyewe isiyo na kizuizi kwenye mguu wake. Pete za mezani hupunguza makali tu.

Kadi ya kumbukumbu nitaipitia haraka. Programu za redio huandika daftari mfululizo, na kadi ndogo haipendi kuandikwa bila kikomo wala kukatiwa umeme ghafla. Kituo cha kudumu kinafaa kiendeshwe kutoka diski ya SSD, au mfumo uwekwe katika hali ya kusoma tu na daftari zikae kwenye RAM. Vyovyote iwavyo, weka nakala ya kadi nzima pembeni siku ile kila kitu kinapofanya kazi.

Sasa, ukiwa umeyapita hayo, mashine hii inakaa vizuri zaidi kwenye kazi gani? Kwa maoni yangu si FT8 ya mezani. Hapo kompyuta mpakato yoyote ya zamani inaifanya kwa raha, na skrini kubwa ina faida yake. Kompyuta ndogo inang'aa kwenye kazi zinazoendelea saa zote bila mtu. APRS ni mojawapo. Mfumo huu wa kutuma mahali, hali ya hewa na ujumbe mfupi kwa pakiti ulibuniwa na Bob Bruninga wa Marekani, na unatumia milio miwili tu, ya Hz 1,200 na Hz 2,200, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Zamani ulihitaji modemu maalumu, boksi la pekee juu ya meza. Leo programu ya Direwolf inafanya kazi ya modemu hiyo kwa hesabu tupu, na hata Pi Zero inaimudu. Ukiipa redio ya VHF na intaneti, inakuwa lango la kupeleka pakiti za jirani zako mtandaoni. Angalia tu masafa ya eneo lako: Ulaya ni MHz 144.800, Amerika ya Kaskazini 144.390.

Kuna vituo vidogo vya sauti za kidijitali pia, vya DMR, D-STAR na kadhalika. Hapo bodi ya modemu ya MMDVM inapachikwa juu ya pini za Pi, na mfumo kama Pi-Star unaiunganisha na mtandao. Bodi hiyo ina kisambazaji chake cha miliwati kumi hivi, kinachotosha kwa redio ya mkononi ndani ya nyumba. Na kuna usikilizaji mtupu, ambao katika nchi nyingi ndiyo njia ya kuanzia kwa asiye na leseni bado. Mwaka 2012 ilikuja kujulikana sana kwamba vidude vya USB vya kupokelea televisheni, vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi badala ya picha. Vyenye kipokezi cha R820T husikia kuanzia karibu MHz 24 hadi MHz 1,700 na ushee. Mtandao wa SatNOGS, uliopata Tuzo ya Hackaday mwaka 2014, umejenga juu ya vitu kama hivyo: vituo vya kupokea setilaiti, vingi vikiwa na Raspberry Pi, vinavyopokea ratiba kutoka seva na kurudisha walichosikia. Hapa, kinyume na nilivyosema mwanzoni, prosesa inahusika. Kuchora upana wa MHz mbili kwenye skrini kwa wakati uleule kunaichosha Pi 3, na ni busara Pi itume sampuli kwa mtandao ili kompyuta kubwa ichore.

Na ile dhana kwamba kompyuta inageuka redio? Kuna mahali pamoja ambapo ni kweli kabisa. Pini iitwayo GPIO4, moja ya pini za bodi za kuingiza na kutoa ishara, inaweza kuamriwa itoe mpigo wa masafa ya redio moja kwa moja, na programu kama WsprryPi inautumia mpigo huo kurusha WSPR, mtindo wa Taylor wa mwaka 2008 unaopima jinsi bendi zinavyofunguka. Kila urushaji unachukua karibu sekunde 110.6 ndani ya dakika mbili, kwenye upana wa Hz 6 hivi, ukibeba kitambulisho, gridi na kiwango cha nguvu. Pini inatoa miliwati chache tu, na kiasi hicho, bendi ikikubali, kinasikika ng'ambo ya bahari.

Ila pini hiyo inatoa wimbi la mraba, na wimbi la mraba halina masafa mamoja. Ukirusha kwenye MHz 14, mrudio wa tatu unatoka MHz 42 ukiwa chini kwa desibeli 10 pekee, wa tano MHz 70, na kuendelea juu, nje ya bendi ulizoruhusiwa na leseni yako. Chujio la kupitisha masafa ya chini ni sharti, na kila bendi inataka lake. Pini zenyewe ni za volti 3.3 na hazina kinga ya kuzitegemea, hivyo chaji inayokusanyika kwenye waya mrefu wakati wa upepo mkavu inaweza kuua bodi nzima kabla ujumbe wa kwanza haujatoka. Kati ya pini na antena weka bafa (saketi ndogo ya kuikinga pini), chujio na transfoma, na uanzie kwenye kipingamizi cha ohmu 50 badala ya antena, mpaka uone kwenye kipokezi cha pembeni kwamba kinachotoka ni mlio mmoja.